Majongoo wa Masika na Unyevu wa Ukutani

Mvua za masika zikishapiga wiki moja au mbili, kuanzia Tanga mpaka Mtwara na ng'ambo Unguja na Pemba, kila anayeamka mapema kufagia kibaraza anajua atakachokikuta. Majongoo wamejaa. Wengine wamepanda ukutani hadi usawa wa dirisha, wengine wamejikunja kwenye kona ya bafu, na wachache wamelala katikati ya sebule, wakavu na wepesi, fagio likiwagusa tu wanavunjika. Hao wa sebuleni ndio wa kutazamwa kwanza. Hakuna aliyewapulizia dawa wala aliyewakanyaga. Wameingia usiku kwa miguu yao, wakafa kwa kukaukiwa na maji.

Anayetaka kuwadhibiti majongoo nyumbani aanzie hapo, maana mwili wa jongoo una udhaifu mmoja mkubwa. Gamba lake ni gumu kwa sababu limechanganyika na chokaa, lakini ugumu na kuzuia maji ni mambo mawili tofauti. Mende ana tabaka jembamba la nta juu ya gamba lake, na tabaka hilo huzuia maji ya mwilini yasitoke. Jongoo wengi hawana nta hiyo, au wanayo hafifu. Tena wanapumua kwa vitundu vidogo vilivyo upande wa tumbo, karibu na mashina ya miguu, na wengi hawawezi kuvifunga. Mende hewa ikiwa kavu hubana vitundu vyake akasubiri. Jongoo hubaki wazi, na mvuke unamtoka usiku na mchana. Ndiyo maana mchana hujificha chini ya majani, hutembea usiku, na kwenye chumba chenye sakafu kavu anaweza asimalize siku mbili.

Udhaifu huo haujamzuia kudumu. Ukoo wa majongoo ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kabisa kuhamia nchi kavu, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na tangu hapo wameishi kwa kushikamana na unyevu popote ulipo. Wataalamu wamekwisha kueleza spishi zipatazo 12,000. Mwaka 2021 ilitangazwa spishi kutoka Australia Magharibi, Eumillipes persephone, iliyopatikana mita 60 chini ya ardhi kwenye shimo lililochimbwa na watafuta madini. Ni jongoo mweupe asiye na macho, urefu wake haufiki sentimita 10, na ana miguu 1,306. Kabla yake hakukuwa na mnyama yeyote aliyejulikana kufikisha miguu elfu moja. Huku kwetu jongoo mkubwa mweusi wa pwani, Archispirostreptus gigas, anaweza kufika sentimita 30, na miguu yake ni kama 256 tu.

Mtazame akitembea. Miguu haiendi yote kwa pamoja. Wimbi linaanza nyuma na kupita mbele, kama upepo unavyopita juu ya mpunga. Mwendo wake ni wa polepole, lakini una nguvu nyingi. Kila pingili ya mwili wake, ukiondoa chache za mbele, ina jozi mbili za miguu, na wimbi la miguu hiyo mingi likisukuma, kichwa chake hupenya kwenye udongo ulioshindiliwa na kati ya tabaka za majani yaliyogandana. Tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili, anakimbia, anakula nyama na anauma kwa sumu. Jongoo hana meno ya kumuuma mtu. Chakula chake ni majani yaliyokufa, magogo yaliyooza na maganda ya matunda. Hali nguo, hali nafaka ghalani, wala hatoboi mbao nzima za nyumba. Watu wengi wanamwogopa kwa makosa ya tandu.

Kinga yake ni kujikunja na kutoa majimaji. Pembeni mwa pingili zake kuna vitundu vya tezi, na akibanwa hutoka majimaji ya njano au ya hudhurungi yenye harufu kali. Kwa jongoo wa mviringo tunaowaona sana, kemikali iliyomo ni jamii ya benzokwinoni. Kundi lingine, la jongoo bapa, hutengeneza sianidi ya hidrojeni kwa kiasi kidogo, kinachotosha kumfukuza chungu au buibui. Benzokwinoni ikigusa ngozi huacha doa la kahawia au jeusi ambalo sabuni haiondoi kirahisi, na doa hilo hukaa kwa siku nyingi mpaka ngozi ijibadilishe. Kwa mtu mzima huwa ni usumbufu tu. Kwa mtoto anayetambaa, akimshika jongoo kisha akajifikicha macho, ni jambo la haraka: jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama amenyamaza kulia. Ngozi huoshwa kwa maji na sabuni mara moja. Wazee waliposema jongoo atupwe na mti wake walikuwa na hoja ambayo kemia inaiunga mkono, kwa kuwa kijiti alichonyanyuliwa nacho kimeshapakwa majimaji hayo.

Baadhi ya wanyama wamejifunza kuishi na sumu hiyo. Fungo hula majongoo bila shida kubwa. Nguchiro miraba humshika jongoo kwa miguu ya mbele, humrusha kinyumenyume kwenye jiwe na kurudia hivyo mpaka gamba lipasuke. Kule Venezuela wamewahi kuchunguzwa nyani wadogo wa Amerika wanaojipaka jongoo manyoyani msimu wa mvua, na watafiti wakaonyesha kwamba benzokwinoni hiyo hufukuza mbu.

Kwa nini basi kiumbe anayekufa sebuleni aje sebuleni? Sababu ni mbili, na zote zinatoka nje ya nyumba. Ya kwanza ni mvua yenyewe. Udongo ukishiba maji, nafasi za hewa katikati ya chembe zake hujaa, na jongoo hulazimika kupanda juu ili apumue. Ya pili ni uzazi. Mvua za mwanzo ni wakati wao wa kupandana, na madume huzunguka usiku kucha kutafuta majike. Dume akikutana na ukuta harudi nyuma. Anaufuata pembeni hadi apate upenyo, na upenyo wa milimita chache chini ya mlango unamtosha. Baadaye jike hutaga mayai udongoni. Watoto huanguliwa wakiwa na jozi tatu tu za miguu, kisha huongeza pingili na miguu kila wanapojivua gamba. Unyevu wa masika ndio unaowalea, na wakati wote huo wapo uani wala hatuwaoni.

Idadi yao ikipanda sana, hata treni husimama. Huko Japani, mwaka 1920, treni zilizuiwa na majongoo waliovuka reli kwa makundi. Magurudumu yaliwasaga, reli ikateleza. Uchunguzi wa miaka mingi, uliochapishwa mwaka 2021, ulithibitisha kwamba jongoo hao wa milimani hukua kwa miaka 8 chini ya ardhi na kutoka juu kwa wakati mmoja, halafu mzunguko unaanza upya. Australia Kusini nao walipata mgeni asiyetakiwa, jongoo wa Kireno Ommatoiulus moreleti, aliyeonekana kwanza Port Lincoln mwaka 1953. Kila mvua za majira ya vuli zilipoanza alimiminika kwenye nyumba za watu kwa mamia, akivutwa na mwanga wa taa. Dawa zilipulizwa, na wengine wakaendelea kuja kutoka mashambani na vichakani. Kilichosaidia zaidi ni viumbe wa kule kule: nematodi, minyoo midogo sana ambayo ilikuwa tayari inaishi ndani ya majongoo wa asili wa Australia, ilionekana kuwa na uwezo wa kumwua huyo mgeni. Watafiti wakaisambaza, na katika vilima vya Adelaide idadi ya majongoo ikashuka sana.

Sisi hatuna haja ya kufika huko. Tuna haja ya kuuangalia ua, na kwa nyumba nyingi za pwani ningeanzia nyuma, kwenye migomba.

Desturi ya kuelekeza maji ya bafu kwenye migomba ni nzuri. Maji hayapotei na mkungu unapatikana. Shida ni kwamba migomba hiyo mara nyingi iko hatua mbili tatu kutoka ukutani. Mkungu ukishakatwa, gogo laini la mgomba linaachwa hapohapo liozee, na linabaki na maji ndani yake hata mvua zikikatika. Ligeuze mwezi wa tano. Chini yake udongo ni mweusi na baridi, majani yamegeuka nyavunyavu, na katikati ya nyavu hizo wamejiviringisha majongoo wadogo wa kahawia, mmoja juu ya mwingine, pamoja na watoto weupe wembamba kama uzi. Kumetapakaa pia vidonge vidogo vya duara, vyeusi, vyenye ukubwa mmoja. Hicho ni kinyesi chao, na ndicho jani lilichogeuka kuwa. Kutoka hapo hadi tundu la maji la bafuni ni safari ya usiku mmoja. Fundi bomba anaweza kurefusha bomba hilo mita nne au tano zaidi, migomba ihamie huko, na magogo yaliyokatwa yachanwe na kubebwa mbali na msingi. Tundu la bafuni liwekewe kifuniko cha wavu, na mfuniko wa chemba uliopasuka ubadilishwe.

Kisha paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, siku ambayo mvua imefika milimita 50, jambo lisilo la ajabu kwa masika ya Dar es Salaam, humwaga lita 5,000. Bila gata maji hayo yote huanguka kwenye mstari mmoja kuizunguka nyumba, sentimita chache kutoka msingini. Udongo wa mstari huo hauwahi kukauka kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita. Gata na tangi ni gharama, sikatai, lakini mwenye nyumba anapata maji ya kufulia pamoja na ukuta mkavu. Asiyeweza kuziweka kwa sasa achimbe mtaro mfupi wenye mteremko upeleke maji mbali, na auzungushie ukuta ukanda wa kokoto au zege wenye upana wa nusu mita au zaidi. Kokoto hukauka upesi jua likitoka. Jongoo akifika hapo hana pa kujificha wala cha kula.

Majongoo wakiufuata ukuta uleule kila mwaka, ichunguzwe lipu ya ukuta huo kwa chini. Ikiwa imevimba, inabanduka, au rangi imeota ukungu mweupe kufikia usawa wa goti, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi. Hapo tatizo ni la ujenzi, na ni kubwa kuliko majongoo. Mahali hapo ndipo ningetumia fedha ambayo watu huimaliza dukani kwa kununua dawa.

Matandazo ya majani kwenye bustani ni mazuri kwa mimea, ila yasigusane na nyumba. Vivyo hivyo rundo la kuni, mbao za ujenzi zilizobaki, matofali yaliyopangwa tangu mwaka juzi na makopo ya maua yaliyokaa juu ya udongo: viinuliwe juu ya mawe au visogezwe. Kumwagilia kufanyike asubuhi ili jua likaushe uso wa udongo kabla ya usiku, maana anayemwagilia magharibi anawaandalia njia. Mlango wa nje ufungwe mpira chini, nyufa za ukuta na matundu ya nyaya na mabomba vizibwe kwa saruji. Baadhi ya spishi hufuata mwanga, hivyo taa ya kibarazani isiachwe ikiwaka usiku kucha bila sababu.

Walioingia ndani wafagiliwe kwenye kizoleo. Wasikanyagwe, kwa sababu majimaji yao huacha madoa kwenye mkeka na sakafu ya saruji, na harufu hubaki. Ndani ya nyumba hawataongezeka. Hakuna kiota cha jongoo nyuma ya kabati. Chumba kinachopita hewa na chenye sakafu kavu kinawamaliza chenyewe. Wakionekana ndani kiangazi kikiwa kikali, basi kuna maji yanayovuja mahali: chini ya sinki, nyuma ya choo, au kwenye bomba lililofukiwa sakafuni.

Kuhusu dawa ya kupulizia, msimamo wangu ni kwamba kwa nyumba ya kawaida haistahili fedha yake. Jongoo aliyegusa dawa hafi ndani ya sekunde chache. Huendelea kutembea na mara nyingi anafia ndani, palepale ulipotaka asifike. Wakati huohuo mvua ya jioni inaosha ulichopuliza asubuhi na kukipeleka mtaroni, na pengine kisimani. Nyuki na wadudu wengine wa bustani hufa kabla ya majongoo. Na chimbuko lao, yaani udongo wote wa uani na wa jirani, halijaguswa.

Mbinu za nyumbani nazo hazilingani. Majivu makavu yakinyunyizwa kwenye kizingiti yanasaidia kwa muda, kwa kuwa hunyonya unyevu na jongoo hapendi kupita juu yake; yakilowa ni kazi bure. Chumvi ni kosa. Huua mimea, na ikiingia ukutani huvuta unyevu wa hewa na kuibabua lipu, hasa kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe ambazo tayari zina chumvi ya bahari ndani yake. Mafuta ya taa yasitumike kabisa. Yanawaka, mtoto anaweza kuyanywa, na yanaharibu udongo.

Shambani hali ni nyingine, na si haki kumsifia jongoo mbele ya mkulima. Kaskazini mashariki mwa Uganda watafiti waliochunguza mashamba ya viazi vitamu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta majongoo, hasa Omopyge sudanica, wakila mbegu za karanga zinapoanza kuchipua, marando ya viazi yaliyopandwa mvua za kwanza zikianza, na viazi vilivyoachwa ardhini muda mrefu bila kuvunwa. Njia mojawapo ya kupunguza hasara hiyo ni kuchagua wakati wa kupanda na kuvuna mapema. Mwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba anaweza kupata hasara ndogo ya namna hiyohiyo kwenye miche michanga, na kwake inatosha kuondoa matandazo yaliyo karibu na miche mpaka ikomae shina.

Jambo moja linanifanya nisiunge mkono kuwaua kwa wingi. Profesa Henrik Enghoff wa makumbusho ya historia ya asili ya Denmark amekuwa akichapisha, tangu mwaka 2014, mfululizo wa makala kuhusu majongoo wa milima ya Udzungwa hapa Tanzania. Ameeleza spishi nyingi mpya ambazo hazijapatikana kwingineko duniani. Wenzao hao wa msituni wanafanya kazi ileile wanayoifanya wa uani kwetu: wanakata majani yaliyokufa vipande vidogo, wanayapitisha tumboni, na kinachotoka nyuma yao kinashikwa na bakteria na kuvu kwa urahisi zaidi. Bila wao jani hubaki jani kwa muda mrefu, na virutubisho vyake vinachelewa kurudi kwenye mizizi.

Brazili wameifanya kazi hiyo kuwa ya mkulima. Watafiti wa Embrapa, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, katika kituo chao cha Seropédica karibu na Rio de Janeiro, wanatumia jongoo mwekundu Trigoniulus corallinus, mwenyeji wa kusini mashariki mwa Asia aliyeenea nchi nyingi za joto, kutengeneza mboji. Majani makavu, nyasi zilizofyekwa na mabaki ya migomba hujazwa ndani ya kizimba chenye kivuli, yanaloweshwa kiasi, kisha majongoo wanaachiwa humo. Baada ya miezi kadhaa rundo limepungua sana na kilichobaki ni mboji laini ya kuoteshea miche ya mboga, isiyohitaji kuchanganywa na samadi.

Anayefagia majongoo kibarazani kila asubuhi ya masika anaweza kuwamwaga kwenye rundo la namna hiyo kwenye kona ya mwisho ya ua, mita kumi au zaidi kutoka ukutani, chini ya mwembe au kivuli chochote kilichopo. Rundo lisigeuzwe kwa jembe mara kwa mara, kwa kuwa wanajivua gamba chini humo na wakati huo miili yao ni laini. Likipata maji kidogo kiangazi, wengi watabaki hukohuko. Kazi ya gata, mtaro na mpira wa mlango ifanyike mwezi wa pili, udongo ungali mkavu na mafundi hawajabanwa na mvua.